Khan Alifaa Kutawala Dunia 1992: Venye Star Trek na Wenzake Hujipanga Tarehe Ikipita

Ulikuwa wapi 1992 wakati Khan Noonien Singh aliteka robo ya dunia? Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa, lakini hata ukiuliza mathako atakuangalia tu. Hakuna kitu kama hiyo ilifanyika. Na bado, ndani ya Star Trek, hiyo ni historia kabisa, ya kusomwa shule.

Hii ndio shida ya kila hadithi ya saifai yenye huweka tarehe. Mwandishi anachagua mwaka wa mbali, halafu mwaka unafika na hakuna roboti, hakuna vita, ni stima tu imepotea. Kama hadithi iliisha zamani, hakuna noma. Lakini kama bado inatolewa muvi na vipindi vipya, lazima mtu akae chini apange hizo hesabu. Mafans huita hiyo kazi retikoni: kurudi nyuma na kubadilisha kile kilishasemwa, huku ukijifanya kilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Sasa turudi kwa Khan, juu kesi yake ndio tamu kuliko zote. Epsodi ya "Space Seed" ilitoka 1967. Ilisema kuwa miaka ya tisini kutakuwa na Vita vya Yujenikisi, vita vya watu waliotengenezwa na wanasayansi wakuwe na nguvu na akili kuliko sisi. Khan alitawala kutoka 1992 hadi 1996, eneo la Asia Kusini mpaka Mashariki ya Kati, halafu akatoroka na meli ya angani akiwa amelala usingizi mzito. Mwaka wa 1967 hiyo ilikuwa mbali sana. Hakuna mtu alidhani Star Trek itakuwa bado iko hewani ikifika.

Ikafika. Mwaka wa 1996 wenyewe, Star Trek: Voyager ilipeleka mashujaa wake Los Angeles ya 1996. Wakapata nini? Jua, magari, watu wakitembea bichi. Vita hakuna, na hakuna mtu alitaja. Kwa meza ya dame mmoja anayesomea nyota, kulikuwa na mfano mdogo wa meli kama ile ya Khan, na hapo ndio walifika. Hiyo ni mbinu ya kwanza: nyamaza, labda hawataona. Waliona.

Mwandishi Greg Cox akajaribu mbinu ya pili kwenye vitabu viwili vya 2001 na 2002. Yeye alisema vita vilikuwa, ni vile tu vilipiganwa kisiri, nyuma ya matukio yenye sisi tuliona kwa habari. Ni akili, lakini mimi haininunui. Mtu akitawala robo ya dunia, bana, hata watchman wa ploti yenu angejua.

Halafu 2023 ikaja jibu lenyewe, Strange New Worlds, msimu wa 2, epsodi ya 3. La'an, askari wa meli ya Enterprise, ni wa ukoo wa Khan, na hilo jina limemsumbua maisha yake yote. Anajipata Toronto ya siku zetu, akikimbizana na jasusi Mromula aliyetumwa kutoka siku zijazo kuua Khan akiwa mtoto. Jasusi amekasirika vibaya. Analalamika kuwa hii kitu ilifaa kufanyika 1992, lakini watu wengi sana wamechezea wakati, na kila wakiusukuma, wakati nao unasukuma pia. Matukio hayafutiki, yanasongeshwa tu mbele. Ndio maana Khan bado ni kijana mdogo, kwa chumba, akiogopa.

Na La'an anamfikia. Akimwacha hai, mamilioni watakufa. Akimuua, ule mustakabali mzuri wenye Star Trek inaahidi hautatokea. Anamwacha. Hapo ndio utaona kwa nini walihangaika na hii hesabu badala ya kusema tu kuwa Star Trek ni dunia nyingine. Dunia nyingine ingemaliza ubishi kwa dakika moja. Lakini ahadi yote ya Star Trek ni kuwa hao watu ni vitukuu vyetu sisi, na tutatoka kwa hii matope tukiwa pamoja. Ukikata huo uzi, inabaki tu hadithi ya wasee wa mbali wenye bahati.

Terminator walipitia hiyo njia mapema. Muvi ya pili, 1991, iliweka Siku ya Hukumu tarehe 29 Agosti 1997. Ya tatu ikatoka 2003 ikasema mlichelewesha tu, hamkuzuia. Hiyo ilikuwa fiti. Shida ni kuwa waliendelea kusongesha na kubadilisha hadi Dark Fate ya 2019 ikaja na adui mpya, Legion badala ya Skynet. Ukiahirisha mwisho wa dunia kila mara, watu huacha kuogopa.

Blade Runner walikataa mchezo huo wote. Ya kwanza, 1982, ilionyesha Los Angeles ya Novemba 2019. Blade Runner 2049 ilipotoka 2017, haikuomba msamaha: Usovieti bado iko, na matangazo ya Atari yamejaa mji. Ni dunia yao, wacha wakae nayo.

Kwa komiki za Marvel, saa huteleza. Iron Man wa 1963 alijeruhiwa Vietnam. Kwa muvi ya 2008 ikawa Afghanistan. Mwaka wa 2019 komiki zao zikabuni vita vya nchi ya uongo, Siancong, ndio hao mashujaa wasizeeke. Lakini Magneto amekwama. Yeye alitoka kambi ya Auschwitz, na hiyo huwezi kuhamisha wala kubuni badala yake. Komiki za sabini zilimgeuza mtoto mchanga, halafu zikamrudisha akiwa na mwili wa kijana.

Na kuna wenye hukwepa kalenda kabisa. Wanuri Kahiu wetu, kwa Pumzi ya 2009, alisema tu ni miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vita vya maji. Hakutaja mwaka. Ni dakika kama ishirini hivi, na hakuna siku itapitwa na tarehe.

Ukitaka kujionea, anza na "Space Seed", kisha hiyo epsodi ya Toronto, usiku mmoja. Na uweke alamu: kwa Star Trek, Wavulcan wanatua hapa tarehe 5 Aprili 2063.