Gia za kugandishwa: tumuulize Joginder kwanza



Rafiki yangu mmoja wa Makongolosi kapata vijisenti vya dhahabu, kanunua Subaru, na sasa anataka gia zake zipelekwe nje zikagandishwe kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kaambiwa hazitakufa tena. Kaniuliza: inalipa? Nimeona nimjibu kwa historia.

Tuanze kwa majirani. Ng'ambo ya Ziwa Rukwa, Wafipa waliyeyusha chuma kwenye matanuru marefu ya udongo, malungu, kisha wakakisafisha kwenye tanuru dogo ndipo mhunzi akafua jembe. Moto ukikosewa, nyundo haiokoi kitu.

Gia ya leo nayo huzaliwa motoni. Chuma cha pua huchomwa hadi kiwe chekundu, kisha hupozwa ghafla, mara nyingi kwa mafuta. Hapo hugeuka kuwa matensaiti, umbo gumu lenye jina la Mjerumani Adolf Martens. Lakini sehemu fulani hugoma kugeuka, hubaki laini. Baridi kali humalizia kazi hiyo. Si muujiza, naitrojeni yenyewe iligeuzwa kimiminika Kraków, Polandi, tangu 1883.

Faida ipo. Vyuma vya kukatia hupata ugumu na huchelewa kulika. Tatizo ni kwamba gia si kisu! Jino lake hupinda kidogo kila likibeba mzigo, mara mamilioni, na ile sehemu laini iliyobaki inaweza kusaidia kuzuia ufa usikimbie. Ukiiondoa yote, unaweza kupata jino gumu lakini jepesi kukatika. Na baada ya kugandishwa ni lazima lipashwe moto tena kwa kipimo, la sivyo umenunua kigae.

Sasa Joginder Singh, yule fundi wa Kenya. Mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant waliingia kwenye Safari, mashindano yaliyoanza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari lao lilikuwa Volvo PV544 iliyokwishatumika na timu ya kiwanda mwaka uliotangulia. Mtumba, kwa lugha yetu. Wakashinda! Joginder akarudia 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Silaha yake kubwa ilikuwa kulijua gari lake.

Kwa hiyo? Timu ya mashindano inayojua gia zake ni za chuma gani, na inayoweza kuzipima kabla na baada, ijaribu. Wewe rafiki yangu, nunua gia halisi, badilisha oili kwa wakati, ziba vumbi la Makongolosi lisiingie kwenye giaboksi, na uache kulazimisha gia kama unavunja mwamba. Chenji itakayobaki, jenga.

Baridi humalizia kazi ya moto, haiifanyi upya.