Bunduki za Msitu wa Mlima Kenya

Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, wapiganaji wa Meru na Embu walioingia msituni, miongoni mwao wafuasi wa makamanda Musa Mwariama na Kubukubu, walikuta silaha ni adimu mno; hivyo bunduki zao, ila chache zilizotekwa kwa askari, aghalabu zilikuwa kazi ya mafundi wao wenyewe, waliofanya mtutu kwa bomba la maji, kitako kwa mti, na komeo la mlango likawa kipigio kilichovutwa kwa ukanda wa mpira wa gari.

Bomba hilo halikukusudiwa kuhimili nguvu ya baruti, na lilipopasuka lilimdhuru mpigaji kabla ya adui. Basi aliyekabidhiwa silaha ya namna hii alikuwa na kila sababu ya kuchunguza ufa, kutu, na jinsi risasi inavyokaa ndani. Kuijaribu kwa kufyatua kulikuwa ghali, kwani risasi zilikuwa haba, mlio wake ulifichua maficho, na sheria za hali ya hatari ziliwaadhibu kwa kifo waliokutwa na silaha.