Maisha ya Mtu si Siku Moja

Kila aliyepita shule katika nchi yetu amesoma habari za Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Amesoma jinsi jeshi lake lilivyowashinda Wajerumani pale Lugalo mwezi Agosti 1891, jinsi ngome ya Kalenga ilivyoanguka mwaka 1894, na jinsi alivyosakwa hadi Julai 1898, alipojiua ili asishikwe hai. Kichwa chake kilichukuliwa na wakoloni. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza fuvu lake lirudishwe, nalo likarudishwa mwaka 1954. Leo jina lake limepewa chuo kikuu kishiriki pale Iringa.

Nimetafakari sana jambo hili tangu mwaka 2009, nilipompoteza mwanangu kwa kifo cha namna hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 31. Hapa mtaani kwetu Sokon I walimwita Fundi, kwa kuwa redio iliyoshindikana kwingine kote ilipona mikononi mwake, na mjane aliyekosa fedha aliambiwa, “Utalipa ukipata, mama.” Simlinganishi na shujaa wa vita, la hasha. Kifo chake hakikuwa ushujaa, wala hakikuwa uovu. Alikuwa amebeba huzuni nzito ya muda mrefu, ambayo ni maradhi kama yalivyo maradhi mengine. Ninachouliza ni hiki: kwa nini habari za Mkwawa tunazianzia Lugalo, na za mwanangu watu wanazianzia mwisho?

Siku ya msiba mzee mmoja alinishauri tumzike upesi, pasipo ibada. Mwingine alininong’oneza niseme ni malaria ya ghafla. Niliwashukuru wote wawili, maana walidhani wananisitiri, kisha nikasema ukweli mbele ya waombolezaji. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami sikutaka uchungu wangu uongezewe uongo wa kuulinda kila siku.

Baadaye nilitaka kujua aibu hii ilitoka wapi. Sehemu yake ni yetu wenyewe: makabila mengi ya Afrika Mashariki yaliogopa kifo cha aina hii na yalikuwa na miiko yake. Lakini sehemu nyingine ilikuja na meli. Katika karne ya 6 mitaguso ya Kanisa huko Ulaya ilianza kuwanyima maziko ya heshima waliojiua. Uingereza iliwazika katika njia panda hadi sheria ya mwaka 1823 ilipokomesha desturi hiyo, na mali zao zilitwaliwa kwa ajili ya mfalme. Waingereza walipoitawala Tanganyika walituletea Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930, na ndani yake kujaribu kujiua kuliandikwa kuwa kosa la jinai.

Hapa, ndugu msomaji, nakuomba uangalie tarehe. Bunge la Uingereza lilifuta kosa hilo kwao mwezi Agosti 1961. Sisi tulipata Uhuru tarehe 9 Desemba mwaka huohuo. Mwenye nyumba alilitupa tambara lile kwake, nasi tukabaki nalo sandukuni. Kanisa Katoliki nalo lililegeza msimamo: sheria yake ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya kanisa waliojiua kwa makusudi, lakini ile ya mwaka 1983 haikuwataja tena. Na jirani zetu wa Kenya, tarehe 9 Januari 2025, walisikia Mahakama Kuu yao ikitamka kwamba kifungu cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba.

Sheria haikumwua mwanangu. Sitasema hivyo, maana kifo cha namna hii hakina sababu moja. Lakini mtu anayejua kwamba akiponea chupuchupu anaweza kupelekwa polisi kabla ya kupelekwa kwa daktari, atamweleza nani? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, ila methali haisemi ni nani aliyemfundisha mgonjwa kuficha. Waalimu wa somo hilo ni wengi: sheria, mimbari, na maneno yetu ya barazani.

Wataalamu wa afya ya akili wanatufundisha kwamba kumwuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Wanatufundisha pia kwamba huzuni hiyo hutibika, na kwamba asiachwe peke yake aliyezidiwa, bali asindikizwe hospitali. Nimeyasema hayo kwa vijana wa mtaani kwetu mara nyingi, na wapo waliobaki nyuma wakitaka kuzungumza faraghani.

Kwa wale wanaokutana na wazazi kama mimi nina ombi moja. Msishushe sauti mkilitaja jina la marehemu. Mwaka jana mama mmoja alinisimamisha karibu na duka, akaniambia redio aliyotengenezewa na Fundi ingali inasema. Sikulia. Nilimwomba anieleze ilikuwa na ubovu gani, naye akanieleza yote, tukasimama pale juani hadi tukacheka.