Uhuru: Setilaiti Iliyorushwa Ngomeni Ikapima Mapigo ya Nyota Iliyokufa



Ukimsimamisha kijana hapa Makina umwulize Uhuru ni nini, hatakosa jibu. Atakutajia bustani ya mjini, atakutajia barabara, atakutajia rais wa nne wa nchi hii, na kama alisoma historia vizuri atakutajia mwaka 1963. Lakini iko Uhuru nyingine ambayo maprofesa wa Marekani, Ulaya na Japani wanaijua kutushinda sisi wenye lugha. Hiyo ilikuwa setilaiti. Ilirushwa kutoka baharini, katika ghuba ya Ngwana karibu na kijiji cha Ngomeni, kaskazini ya Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru. Watu walikuwa wamekula Idi kama wiki mbili tu nyuma.

Kazi ya setilaiti hiyo haikuwa kupiga picha za mashamba wala kupeleka simu. Ilitumwa kuangalia nyota, na ilichokiona ndicho kilichowaonyesha wataalamu jinsi nyota iliyokwisha kufa inavyoweza kuwaka tena kwa kula nyota nyingine. Sasa kabla hatujafika Ngomeni, hebu tuielewe hiyo nyota mfu yenyewe, manake bila hivyo hadithi haina utamu.

Nyota ni tanuri. Ndani yake haidrojeni hugeuka heliamu, na joto linalotoka husukuma nje wakati uzito wa nyota unavuta ndani. Maadamu kuni zipo, pande mbili zinashikana na nyota inatulia. Jua letu liko katika hali hiyo, alhamdulillahi. Lakini nyota iliyo nzito kama mara 8 ya jua na zaidi, kuni zikiisha, kiini chake hakina tena cha kukishikilia. Kinaporomoka, tena kwa muda usiofika sekunde moja. Protoni na elektroni zinabanwa pamoja mpaka zinakuwa nyutroni, na tabaka za nje zinalipuka kwa mwanga mkubwa unaoitwa supanova. Kinachobaki katikati ni nyota ya nyutroni.

Ukubwa wake? Kama kilomita 20 kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ukingo mmoja ukiuweka hapa Makina, ule mwingine utakuwa umeshaupita uwanja wa ndege wa Embakasi. Ila ndani ya hizo kilomita 20 kuna uzito unaozidi wa jua zima, na jua lina upana wa kilomita milioni 1.4. Kijiko kimoja cha chai cha mada hiyo kingekuwa na uzito wa tani bilioni kadhaa. Tena nyota hiyo huzunguka kwa kasi ya ajabu, kwa sababu ile ile inayomfanya mtoto azunguke haraka zaidi anapoikunja mikono kifuani baada ya kuinyoosha. Kitu kikubwa kilichokuwa kikizunguka polepole kimekuwa kidogo, basi mzunguko unaongezeka. Ncha zake za sumaku hutoa miale kama mnara wa taa wa bandarini: mwanga unakupitia, unakwenda, unarudi. Sisi tulio mbali tunapokea pigo, kimya, pigo, kimya. Nyota ya namna hii ndiyo inayoitwa pulsa.

Wazo hili lilitolewa mwaka 1934 na Walter Baade na Fritz Zwicky, miaka miwili tu baada ya James Chadwick kuigundua nyutroni. Likakaa vitabuni zaidi ya miaka 30. Aliyelitoa huko ni msichana wa miaka 24 kutoka Ireland Kaskazini, Jocelyn Bell, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Cambridge. Mwaka 1967 alikuwa akikagua kwa macho karatasi za mtambo wa mawimbi ya redio, karibu mita 30 za karatasi kila siku, akaona alama ndogo isiyofanana na nyingine. Tarehe 28 Novemba, siku chache kabla ya Ramadhani ya 1387, akapata mapigo yake wazi: moja kila sekunde 1.3, bila kukosea. Kwa mzaha wakaiita alama hiyo viumbe wadogo wa kijani. Tuzo ya Nobel ya 1974 ikaenda kwa msimamizi wake Antony Hewish na kwa Martin Ryle, yeye hakutajwa. Mwaka 2018 alipopewa tuzo nyingine ya dola milioni 3 alizitoa zote zikasomeshe wanafunzi wengine. Dada zangu mnaosoma fizikia, mkumbukeni huyu mama.

Sasa turudi kwetu. Pulsa za Bell zilisikika kwa redio, na redio hupita hewani mpaka ardhini. Lakini angani kulikuwa na fumbo jingine. Mwaka 1962 Riccardo Giacconi, Mwitaliano aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alirusha roketi yenye kifaa cha kupima eksirei, akakuta kitu katika kundi la Nge kinachomwaga eksirei kwa wingi usiotarajiwa. Eksirei ni miale ile ile ya hospitalini, na hewa yetu huizuia isitufikie, rehema kubwa kwetu na usumbufu kwa mwenye kutaka kuipima. Roketi ndogo hukaa juu dakika chache tu kisha inaanguka. Kwa dakika chache utajua kitu kipo, hutajua kinafanya nini. Giacconi akataka setilaiti.

Na kwa nini Ngomeni? Waitaliano, wakiongozwa na profesa Luigi Broglio, walikuwa wamekubaliana na serikali ya Kenya na kusimamisha majukwaa ya chuma baharini: San Marco la kurushia na Santa Rita la kuongozea. Setilaiti yao ya kwanza kutoka hapo ilipaa tarehe 26 Aprili 1967. Mahali pale pako karibu nyuzi 3 tu kusini ya ikweta. Dunia kwenye ikweta huzunguka kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa kuelekea mashariki, kwa hiyo roketi inayorushwa mashariki inapata msukumo wa bure, na mbele yake ni Bahari ya Hindi tupu, hakuna nyumba ya mtu. Zaidi ya hayo, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta inaliepuka kwa kiasi kikubwa lile eneo la juu ya Atlantiki ya kusini ambako chembe kali za mnururisho hushuka chini na kuvichanganya vifaa kama hivi. Wamarekani hawakutufuata kwa mapenzi, walifuata jiografia.

Chombo chenyewe kilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi, uzito wa watu wazima wawili. Jina lake rasmi lilikuwa la kiofisi tu, herufi na namba. Msimamizi wa mradi alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend wa shirika la anga la Marekani, na ndiye aliyekipa jina la Uhuru, kwa heshima ya siku ile na kwa kuwashukuru wenyeji waliowapokea. Roketi ya Scout ikakipeleka kilomita 560 juu, kikawa kinazunguka dunia kila dakika 96, na huku chenyewe kinajizungusha polepole kikifagia anga.

Mapema mwaka 1971 ikaja habari. Kulikuwa na kitu katika kundi la nyota la Centaurus, kikiitwa Cen X-3, ambacho eksirei zake zilikuwa zinapiga: moja kila sekunde 4.8. Pulsa? Huenda. Ila mapigo haya yalikuwa na tabia ambayo zile za Bell hazikuwa nayo. Kuna wakati yalibanana kidogo, kuna wakati yalitanuka kidogo, na mchezo huo ulijirudia kila siku 2.1 kamili. Tena ndani ya kila duru, kwa karibu nusu siku, kitu chote kilipotea kabisa, halafu kikarudi.

Sisi tuliolelewa kando ya reli tuna ufunguo wa fumbo hili masikioni. Treni ikija upande wako ikipiga honi, sauti huwa nyembamba. Ikishakupita, papo hapo inakuwa nzito. Honi haikubadilika. Ikija, mawimbi yanabanwa, ikienda, yanavutwa. Basi Cen X-3 ilikuwa inatujia na kutuacha, inatujia na kutuacha, yaani inazunguka kitu. Na kule kupotea? Ilikuwa inapita nyuma ya kitu hicho. Giacconi na wenzake, akiwemo Ethan Schreier na Harvey Tananbaum, wakapiga hesabu: nyota ya nyutroni inalizunguka jitu la nyota, kubwa mara nyingi kuliko jua, na yuko karibu nalo kiasi cha kuinyonya gesi yake. Gesi inaanguka juu ya ncha za sumaku za nyota mfu, inapata joto la mamilioni ya nyuzi, na hapo ndipo eksirei zinapotoka. Mwaka huo huo wakaikuta nyingine, Her X-1, inayopiga kila sekunde 1.24 na kulizunguka jua lake kwa siku 1.7.

Ushahidi ulionipendeza mimi zaidi ni huu. Pulsa za Bell zinapunguza mwendo taratibu, kwa sababu zinatumia akiba yao ya mzunguko. Hizi za Uhuru, walipozipima kwa miezi na miaka, zilionekana zikiongeza kasi. Umewaona watoto wakikimbiza ringi ya baiskeli kwa kijiti? Kila kijiti kinapogusa, ringi inakwenda mbio zaidi. Gesi inayoanguka huipiga nyota vivyo hivyo. Nyota mfu inalishwa na jirani yake, na inapata nguvu mpya. Kabla ya Uhuru haya yalikuwa makisio ya watu wachache.

Hapa lazima niseme neno, kwani najua wako wanaosubiri nifike Suratut-Tariq. Kanda na sidii zimezunguka sana zinazosema Tariq ni pulsa, kwa sababu neno hilo kwa Kiarabu latokana na kugonga, na pulsa hugonga. Huwekwa na sauti kabisa, du du du, watu wanatetemeka. Sauti ile si ya nyota. Angani hakuna hewa ya kubeba sauti; ni mawimbi ya redio yaliyopitishwa kwenye spika. Na wenzangu tuliokaa chini mbele ya maalim tunajua kwamba Waarabu walimwita mgeni wa usiku tariq kwa kuwa hubisha mlango, na wafasiri wa zamani walieleza aya kwa maana hiyo, nyota ijayo usiku. Je, ndani yake imo pulsa? Allahu a'lam. Mimi naona ni hatari kuifunga Qur'ani kwenye karatasi ya Cambridge ya 1967. Kesho wataalamu wakibadilisha maelezo, na wao hubadilisha, kijana aliyejengewa imani juu ya spika atasimama wapi?

Kama tunataka fahari, iko ya kweli, tena imeandikwa. Mwaka 446 wa Hijria, yaani 1054, ilitokea nyota mpya mbinguni. Wachina waliiandika. Na tabibu wa Baghdad, Ibn Butlan, naye akaiandika, na maneno yake yakahifadhiwa na Ibn Abi Usaybi'a katika kitabu chake cha habari za matabibu. Ibn Butlan alikuwa Mkristo, tusimsilimishe, lakini elimu yake ilikuwa ya mji ule na lugha ile. Mwaka 1968 kwenye mabaki ya mlipuko huo ikakutwa pulsa inayozunguka mara 30 kila sekunde. Mshindani wake wa maneno, Ali ibn Ridwan wa Misri, alikuwa ameiona nyingine katika ujana wake, ile ya 1006. Walibishana sana hao wawili kuhusu utabibu, na Mola akawapa kila mmoja nyota yake.

Uhuru ilifanya kazi mpaka Machi 1973, na mwaka 1979 ikaungua ikirudi hewani. Kutoka Ngomeni zilirushwa setilaiti 9 kwa jumla, ya mwisho mwaka 1988. Giacconi alipewa Nobel mwaka 2002. Taifa-1, setilaiti yetu wenyewe, ilirushwa Aprili 2023, na ilirushwa kutoka California. Yaani ya Wamarekani ilipaa kwetu, yetu ikapaa kwao. Nikiwaza jambo hilo hucheka, kisha huacha kucheka.

Aprili na Mei, baada ya Isha, ukipata mahali ambapo mulika mwizi haziharibu giza, tazama kusini. Ule Msalaba wa Kusini ukiuona, sogeza jicho kidogo upande wa kulia: Cen X-3 iko pande hizo. Kwa macho huioni. Mtu wa London hata kipande hicho cha mbingu hakioni, kwake hakichomozi kamwe. Orodha ya mwisho ya setilaiti yetu, iliyotoka 1978, ina vitu 339, na kila kimoja kinaanza na alama 4U, orodha ya nne ya Uhuru. Wataalamu bado wanazitumia namba hizo leo, na hiyo U ni ya Kiswahili.