Mbeleko, Kibuyu na Gari la Mabua: Vitu vya Watoto Wadogo Puge na Unyamwezi

Mbeleko ni miongoni mwa vitu vya kale zaidi ambavyo wazazi wa Unyamwezi wamewatengenezea watoto wao nyumbani, na jina lenyewe ni ushahidi wa ukale huo. Kitenzi kubeleka, yaani kumchukua mtoto mgongoni, kimeenea katika lugha za Kibantu hadi kusini kabisa mwa Afrika: Washona husema kubereka, Wazulu husema ukubeletha. Neno lililosambaa kiasi hicho lilisafiri na watu waliokuwa wakikitumia kitu chenyewe kila siku.

Puge leo ni kata ya Wilaya ya Nzega, Mkoa wa Tabora, kando ya barabara kuu itokayo Tabora kwenda Nzega. Kabla ya utemi kufutwa kisheria mwaka 1963, ilikuwa mojawapo ya nchi ndogo za Unyamwezi, kila moja na mtemi wake. Wakazi wake ni wakulima wa mtama, uwele, mahindi na karanga, tena wafugaji wa ng'ombe na mbuzi, katika nchi iliyozungukwa na misitu ya miyombo. Vitu vya watoto vilitoka humo humo: ngozi zizini, vibuyu shambani, magome na nta msituni, udongo kwenye vichuguu.

Mbeleko ya zamani ilikuwa ngozi ya mbuzi, na kuitengeneza kulichukua siku kadhaa. Ngozi mbichi iliwambwa chini kwa vijiti, upande wa manyoya ukielekea ardhini, ikaachwa juani hadi ikakauka ngangari. Hapo ilikwanguliwa nyama na mafuta yaliyobaki, ikapakwa samli au mafuta ya mbarika, kisha ikafikichwa kwa mikono na kukunjwakunjwa mpaka ikalegea. Kazi ya kufikicha ndiyo iliyoamua kila kitu, kwa sababu ngozi iliyoachwa na ugumu humchubua mtoto mapajani. Miguu ya mbuzi haikukatwa. Ya mbele ilifungwa juu ya kifua cha mama, ya nyuma ikazungushwa kiunoni, na mtoto akakaa katikati, magoti yamepanuka na shavu limelala mgongoni. Methali ya Kiswahili isemayo kwamba mwana hutazama kisogo cha nina haieleweki vizuri bila mbeleko, kwa kuwa kisogo ndicho alichokiona mtoto kutwa nzima, mama akilima, akitwanga au akisafiri.

Safari zenyewe zilikuwa ndefu. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walijulikana kote kati ya Ujiji na Bagamoyo kama wapagazi na wafanyabiashara, na misafara yao haikuwa ya wanaume peke yao. Wanawake wengi walifuatana na waume zao, wakabeba vyungu na vyakula, na watoto wachanga wakasafiri mgongoni. Wasafiri wa Ulaya walioandika habari za njia hiyo waliwaona, lakini waliwapa mistari michache kulinganisha na kurasa walizojaza kuhusu bei za vitambaa na meno ya tembo. Hilo ni pengo kubwa katika historia ya njia ya misafara. Mtoto aliyefika pwani mgongoni mwa mama yake alikuwa msafiri kama mpagazi aliyetangulia mbele na mzigo.

Njia hiyo ndiyo iliyobadilisha mbeleko. Richard Burton na John Hanning Speke walifika Kazeh, karibu na mji wa sasa wa Tabora, mwezi Novemba 1857, na mwaka uliofuata Speke akaelekea kaskazini hadi Ziwa Victoria. Wakati huo Wanyamwezi walikuwa wakivaa ngozi na nguo za magome ya miti, na baadhi yao walifuma wenyewe nguo nzito za pamba. Lakini vitambaa vya kigeni vilikwisha kuingia. Merikani, kitambaa cheupe kisichopaushwa, kilitoka katika viwanda vya Massachusetts na kuenea baada ya Marekani kufanya mkataba wa biashara na Sayyid Said wa Zanzibar mwaka 1833. Kaniki, iliyotiwa rangi ya nili, ilitoka India. Kitambaa kilikuwa mali, kilitumika kama fedha, na haikuwa rahisi mtu kukata kipya kwa ajili ya mtoto atakayekilowesha. Nguo iliyochakaa ndiyo iliyomfikia mtoto. Ilikuwa laini kwa kufuliwa mara nyingi, na ulaini ule ambao ngozi iliupata kwa siku za kufikichwa, nguo kuukuu ilikuwa nao tayari.

Kanga ilipoibuka pwani katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 na kufuata njia ile ile kwenda bara, ilifaa kazi hiyo kuliko nguo zote zilizotangulia. Huuzwa kwa doti, vipande viwili vya upana wa mita moja na zaidi na urefu wa mita moja na nusu hivi. Kipande kimoja hubeba mtoto, cha pili hujifunga mama au humfunika mtoto jua. Kikichakaa hukatwa kuwa nepi, na nepi ikichakaa huwa tambara la jikoni. Jina la mbeleko lilihamia kwenye nguo, na ngozi ikasahaulika katika nyumba nyingi.

Shanga nazo zilipita njia hiyo. Burton alihesabu aina zipatazo 400 katika biashara ya bara. Zile nyekundu, samsam, aliandika kwamba ziliitwa pia kimarapamba, kwa maana ya kimaliza chakula, kwa kuwa mtu alikuwa tayari kutoa mlo wake ili azipate. Shanga chache za aina hiyo, au za bei ndogo zaidi, zilitungwa kwenye uzi na kuvishwa mtoto kiunoni, shingoni au mkononi. Ushanga wa kiunoni ulikuwa pambo, na mara nyingine ulichanganywa na hirizi au kipande cha mzizi cha kumkinga mtoto. Vilevile ulikuwa kipimo. Uzi ukianza kubana, mama alijua mtoto amenenepa; ukilegea na kuteremka nyongani, alijua kuna kasoro, na alijua bila mizani wala kadi ya kliniki.

Kitu kilichobadilika kidogo kuliko vyote ni kibuyu. Kile kidogo, kinachoenea kiganjani, hakifai kutunzia maziwa wala asali, kwa hiyo huachiwa mtoto. Huvunwa kikonyo kikishakauka. Hutobolewa tundu upande wa kikonyo, hutiwa maji na kuachwa siku kadhaa hadi nyama ya ndani ioze, kisha mbegu na makapi huchokolewa kwa kijiti. Husuuzwa kwa mchanga na kokoto mpaka harufu na uchungu viishe, halafu huanikwa. Kikikauka sawasawa hulia kama kigae ukikigonga kwa ukucha, na kisipolia hivyo huwekwa tena juani. Ndipo hurudishwa mbegu zake chache zilizokaushwa, au punje za mtama, na tundu huzibwa kwa kipande cha gunzi kilichokandikwa nta ya nyuki. Nta haikuwa shida, kwani misitu ya Tabora ni nchi ya mizinga ya magome tangu zamani, na asali na nta vimo katika mazao yaliyoutambulisha mkoa huu. Mtoto hupewa kayamba hiyo mkononi, huitikisa na kuitia mdomoni. Ikipata ufa hushonwa kwa uzi, kama vinavyoshonwa vibuyu vya watu wazima. Kibuyu kilichopasuliwa kwa urefu kilikuwa pia chombo cha kwanza cha uji, chepesi na kisichounguza midomo.

Mtoto akianza kusimama, vitu vyake huwa kazi ya kaka na dada zake zaidi ya wazazi. Gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa huwa mwanasesere, na mtoto wa kike wa miaka mitatu humbeleka mgongoni kama alivyobelekwa mwenyewe. Udongo wa kichuguu, ulio laini na wenye kunata, hufinyangwa ng'ombe wenye pembe na nundu, wakaanikwa na kuswagwa hadi kwenye zizi la vijiti. Baada ya mavuno, mabua humenywa ganda lake gumu likawa vijiti vya kuunganishia, na moyo wake mwepesi ukawa mwili wa gari lenye magurudumu. Gari hilo huvutwa kwa kamba siku mbili tatu na kuvunjika, na hakuna anayelililia kwa kuwa mabua yamejaa shambani. 

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la kwenda Mwanza likakamilika mwaka 1928. Misafara ya wapagazi ilikufa, na takataka za aina mpya zikaanza kulundikana majumbani: makopo ya bati, waya, vizibo vya soda, baadaye raba za magurudumu na kandambili. Gari la mabua likapata ndugu yake wa waya, mwenye magurudumu yaliyokatwa kwenye soli ya kandambili na usukani mrefu unaofika kifuani mwa dereva. Ringi ya baiskeli iliyokwisha ikawa kitu cha kuendeshwa kwa kijiti. Ufundi ulibaki ule ule wa kuangalia kitu kilichoishiwa kazi na kuona ndani yake kazi nyingine.

Wapo waliovitazama vitu hivi kama dalili ya umaskini, na mtazamo huo ulikuwa kosa. Umebadilika. Mafunzo ya malezi yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 2012 yanawahimiza wazazi kucheza na watoto kwa vitu vya nyumbani. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Tanzania Desemba 2021, nayo imeweka uchangamshi wa awali katika mambo yake makuu, pamoja na afya, lishe, ulinzi na usalama. Siku hizi kayamba ya mtoto mara nyingi ni chupa ndogo ya maji yenye kokoto ndani. Hatari yake ni kizibo, ambacho vidole vya mtoto wa mwaka mmoja na nusu huweza kukifungua na kokoto zikaishia kooni. Kwa hiyo kizibo hicho hufungwa kwa gundi au kuyeyushwa kwa moto, kama lile tundu la kibuyu lilivyozibwa kwa nta.