Shikome, Shule ya Babu na Mjukuu

Mtu apitaye Bulyanhulu usiku huziona taa za mgodi ziking'aa toka mbali. Hapo kale palikuwa na nuru nyingine katika nchi hii. Kila mji wa Wasukuma ulikuwa na shikome, yaani moto wa jioni uliokokwa uani, wanaume na wavulana wakauzunguka. Sisi walimu twapenda kusema kwamba shule ililetwa na ubao na chaki. Lakini tukichungua habari za kale, twaona kuwa shule ilikuwapo, na mwalimu wake alikuwa babu, ambaye kwa Kisukuma huitwa guku.

Kwa nini babu, wala si baba? Maana baba alikuwa mtu wa kuogopwa. Aliamuru kazi, na mtoto akatii kwa kunyamaza. Bali babu na mjukuu walitaniana. Mbele ya babu mtoto alikosea wimbo bila haya, akachekwa, akaanza tena. Na hakuna ufundi uliopatikana pasipo kukosea. Babu aliposema, "Kalagu," watoto waliitikia, "Kize," na kitendawili kikatolewa. Kisha zikafuata hadithi na nyimbo. Wasichana nao walifunzwa na bibi zao nyumbani.

Mambo hayo hayakuwa upuzi. Aliyejua kuimba aliwaongoza wenziwe shambani katika bugobogobo, ngoma ya majembe, na kazi nzito ikawa nyepesi. Baada ya mavuno yalikuja mashindano. Yasimuliwa kwamba katika karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walishindana kwa ngoma. Wafuasi wao wakaitwa Bagika na Bagalu, na vyama hivyo vingaliko. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na upande uliovuta watazamaji wengi ndio ushindao.

Jirani yetu wa Ukerewe, Bwana Aniceti Kitereza, aliyesomeshwa na wamisioni, aliyatia maisha ya wazee wake katika kitabu kwa Kikerewe. Alikimaliza mwaka 1945, lakini hakikupigwa chapa kwa Kiswahili hata mwaka 1980. Naye alifariki mwaka 1981. Basi kitabu chaweza kungoja miaka 35. Babu hawezi.

Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, na huu wa Bulyanhulu mwaka 2001. Vijana wengi wameifuata kazi ya machimbo, wala hatuwalaumu, maana imelisha nyumba nyingi. Lakini mioto mingi ya shikome imezimika, na wazee huota jua peke yao, na nyimbo zi vifuani mwao.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, jioni mpelekeni mtoto kwa babu yake, pamoja na daftari. Aandike wimbo mmoja, kisha auimbe. Akikosea, babu na acheke kidogo, ampe ngoma tena.