Kariakoo na Nyumba ya Vyumba Sita

Wajerumani, na Waingereza waliowarithi, waliugawa mji wa Dar es Salaam kwa kadiri ya aina ya majengo: upande wa bahari nyumba za namna ya Kizungu, katikati nyumba za mawe za biashara zilizokaliwa aghalabu na Wahindi, na nyuma yake, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja ulioachwa wazi makusudi ili utenganishe, nyumba za miti na udongo za Waafrika. Sehemu hiyo ya tatu ndiyo Kariakoo. Jumba ambalo Wajerumani walilijenga hapo kwa ajili ya maonyesho lilifikiwa na vita vya 1914; Waingereza wakalifanya kituo cha wapagazi wa jeshi, Carrier Corps kwa Kiingereza, ambao ndio waliouachia mtaa jina lake, na katika mwaka 1923 likafunguliwa kuwa soko.

Mgawanyo ule uliokusudia kutenga mataifa ulizaa, bila kukusudia, mchanganyiko wa namna ya pekee katika mapato. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele, na ua nyuma wenye jiko na choo. Mwenye nyumba, Mzaramo au Mshomvi au Mmanyema ambaye ahali zake walitoka Kongo, alikaa chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki akavipangisha. Na si haba idadi ya wanawake walioweka akiba zao katika milki ya namna hiyo, kwa kuwa ijara ya vyumba ilikuwa riziki isiyohitaji ruhusa ya mume wala ya bwana wa kazi. Basi karani wa serikali, kuli wa bandarini, fundi cherehani na mpishi wa Mzungu walichota maji katika ua mmoja. Sisemi kwamba waliishi raha: vyoo vilifurika masika, na baada ya vita vya pili, mji ulipotoka watu takriban 69,000 katika mwaka 1948 ukafika zaidi ya 128,000 katika mwaka 1957, chumba kimoja kilibeba jamaa kupita kiasi. Lakini tajiri wa mtaa hakuwa na mahali pengine pa kujificha na fukara wake, wala sioni ajabu kwamba TANU, chama kilichodai uhuru, ilizaliwa huko huko tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa wa New Street, ambao sasa ni Lumumba.

Uhuru haukuibomoa nyumba hiyo. Hata sharia ya 1971, iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, iliyaondoa maghorofa mikononi mwa wenyewe, ilhali nyumba za udongo hazikufikia kiwango hicho, zikapona kwa unyonge wao. Soko la zamani lilivunjwa, na mahali pake likasimama jengo lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, wakazi wakingali wale wale au watoto wao.

Kilichowahamisha ni kiwanja. Baada ya serikali kulegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje mwaka 1984, na hususan katika zama za Rais Mwinyi, duka la Kariakoo likawa na wateja hata kutoka Zambia, Kongo na Komoro, na ardhi iliyo chini ya kuta za udongo ikapanda thamani kupita nyumba yenyewe mara nyingi. Hapo mirathi ikaingia kazini: wenyewe walipofariki, warithi walikuwa wengi, na vyumba sita havigawanyiki kwa mafungu ya sharia pasipo ugomvi; ikawa nyepesi kuuza, au kuingia ubia na mjenzi aliyeleta fedha, nao wakaleta kiwanja, kisha wakagawana ghorofa. Wengine walitajirika kweli. Wapangaji hawakuwa na fungu lolote, wakahamia Mbagala, Tabata na Kimara, bila amri ya diwani wala ya mahakama.

Nadhani hakuna dola iliyopata kuwatoa watu mjini kwa utulivu kama huo. Soko lilipoungua Julai 2021, mjadala mkubwa ulikuwa nani arudishiwe kizimba, na wengi wa waliokuwa wakidai vizimba walilala kila usiku mbali na Kariakoo.